Jedi Bila Daftari

Anayenunua jedi ya kale ya Kichina isiyo na rekodi ya mahali ilipochimbwa yuko katika moja ya hali mbili: ama ameibiwa, ama ameshiriki wizi. Kipande kikiwa bandia, aliyeibiwa ni yeye. Kikiwa cha kweli, aliyeibiwa ni marehemu aliyezikwa nacho, na mnunuzi ndiye aliyelipa ujira wa mwizi. Wapo wachache wanaosalimika na hukumu hii, nami nitawafikia. Lakini nataka tuanzie hapa, kwa sababu wengi wanaopenda mapambo haya ni watu waungwana, wasomaji, wanaozungumza kwa sauti ya chini ndani ya majumba ya makumbusho, na uungwana wao umeifanya biashara hii ionekane kama tawi la elimu. Mimi nasema ni adui wa elimu, na jiwe lenyewe ndilo shahidi wangu.

Wachina huliita yu, na ndani ya jina hilo kuna mawe mawili. La kwanza ni nefraiti, ambalo huweza kuwa jeupe kama mafuta ya kondoo, au la kijani kilichofifia, au la rangi ya chai. Hilo ndilo lililochongwa China kwa maelfu ya miaka, na linalosifiwa zaidi hutoka Hetian, kule Xinjiang, ambako huokotwa pia kwenye mito inayoteremka kutoka milimani. La pili ni jadeiti, lile la kijani kikali linalojaa kwenye madirisha ya masonara. Hilo lilianza kuingia China kwa wingi kutoka Burma katika karne ya 18. Kwa hiyo mtu akikuonyesha bangili ya jadeiti na kukuapia kwamba ilitoka kwenye kaburi la enzi ya Han, enzi iliyokwisha mwaka 220 BK, amekuongopea kwa miaka elfu moja na nusu kwa pumzi moja.

Nefraiti haikatwi kwa patasi. Kisu cha kawaida hakiwezi hata kuikwaruza. Husagwa polepole kwa maji na mchanga mgumu, kwa kamba na kijiti cha kutobolea. Watu wa utamaduni wa Liangzhu, walioishi kwenye nyanda za mwisho wa mto Yangtze kati ya takriban 3300 na 2300 KK, waliifanya kazi hiyo bila kifaa chochote cha chuma. Kaburi namba 12 la Fanshan, karibu na jiji la Hangzhou, lilipochimbwa mwaka 1986 lilitoa cong (tamka tsong) yenye uzito wa kilo 6.5. Cong ni kipande kizito cha jedi, mraba kwa nje, chenye tundu la duara lililopenya kutoka juu hadi chini. Hiyo ya Fanshan imechorwa sura zenye macho makubwa, kwa mistari myembamba kiasi kwamba kadhaa huenea ndani ya milimita moja. Anayeiona asitamani kuishika, huyo moyo wake ni mgumu kuliko jiwe lile. Naielewa tamaa ya mkusanyaji, na ndiyo maana naiogopa.

Sasa sikiliza shida ya jedi, ambayo wauzaji hawaitaji: jiwe hili halina umri unaopimika. Mti una kaboni inayohesabika, mfupa unayo, hata makaa ya jikoni yanayo. Chungu kilichochomwa kina njia zake za kupimwa. Jedi ni jiwe, na umri wa jiwe ni umri wa mlima. Maabara inaweza kukuambia kwamba ni nefraiti, pengine hata kukuelekeza ilikotoka. Haiwezi kukuambia ilichongwa karne gani. Alama za chombo zinaweza kumfichua mghushi mzembe, ila mghushi makini anazijua alama hizo kuliko mteja wake.

Basi umri wa jedi tunaujuaje? Kwa ardhi. Kwa chungu kilichokuwa kando yake, kwa mfupa uliolala chini yake, kwa tabaka la udongo lililoifunika, kwa mahali ilipokaa mwilini: sikioni, kifuani, mkononi, mdomoni. Ukiitoa jedi humo usiku kwa sururu, ukaifuta kwa kitambaa na kuitia mfukoni, hujaipunguzia habari; umeifutia habari zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jedi ni mali ya ajabu zaidi: hata ukiwa umeifumbata kiganjani, bila daftari imekwisha kupotea.

* * *

Anayedhani nazidisha chumvi amtazame mkusanyaji mkubwa kuliko wote. Mfalme Qianlong, aliyetawala China tangu 1735 hadi 1796, alikuwa na kila anachokiota mkusanyaji wa leo: hazina ya dola nzima, mafundi, maktaba, wasomi wa kumshauri, na muda wa kuvigeuzageuza vipande vyake apendavyo. Aliandika mashairi zaidi ya 40,000, na baadhi aliamuru yachongwe juu ya jedi zenyewe. Mikononi mwake zilifika cong kadhaa. Aliamua kwamba zilikuwa vifuniko vya ncha za miti ya kubebea. Baadhi zilitiwa vikombe ndani ziwe vyombo vya maua. Nyingine ilichongwa shairi lake ikiwa imesimamishwa kichwa chini, miguu juu.

Katika British Museum, London, lipo duara moja la jedi lenye tundu katikati, aina iitwayo bi, la takriban 1200 KK. Mwaka 1790 Qianlong aliamuru shairi lake lichongwe juu yake, akieleza kwamba hicho kilikuwa kitako cha bakuli. Bakuli lenyewe halikuwepo. Akatafuta bakuli la kauri la enzi ya baadaye sana, akavioanisha.

Simcheki. Jicho lake lilikuwa kali na mapenzi yake kwa jiwe hili yalikuwa ya kweli. Alichokosa ni kitu kimoja: hapakuwa na mtu wa kumwambia vipande vile vilitoka wapi. Na kwa kukosa hicho kimoja, jicho, hazina, maktaba na mashairi 40,000 havikumsaidia kitu.

Kisha njoo mwaka 1973, mahali paitwapo Caoxieshan, mkoani Jiangsu. Wanaakiolojia walikuta cong ndani ya kaburi, na pamoja nayo vyungu vya Liangzhu. Kwa karne nyingi wasomi walikuwa wamezihesabu cong za namna ile kuwa za enzi ya Zhou au Han. Kaburi moja lililochimbwa kwa utaratibu lilizisogeza nyuma kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtu wa kawaida mwenye mwiko, brashi na daftari alijua jambo ambalo mfalme hakulijua, kwa sababu alikuta kitu kikiwa mahali pake.

Huko Marekani, Charles Lang Freer, tajiri aliyelipa taifa lake makumbusho nzima, alinunua jedi za Liangzhu mwanzoni mwa karne ya 20. Uchimbaji wa kwanza wa Liangzhu ulifanyika mwaka 1936, Freer akiwa ameshafariki. Alizimiliki bila njia ya kujua alichokimiliki. Huo ndio umbo kamili wa ukusanyaji wa jedi: kuwa na kitu na kutokuwa nacho kwa wakati mmoja.

Nenda sasa Sidun, Jiangsu hiyohiyo, kwenye kaburi lililofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1980. Ndani yake alilazwa kijana wa miaka ishirini hivi. Waliomzika walimzungushia bi 24 na cong 33, baadhi zikiwa na dalili za kuunguzwa. Hapo kuna mazishi, kuna moto, kuna jamii iliyosimama kumzunguka kijana wake na kufanya jambo kubwa kwa mikono mingi. Fikiria kama mwizi angetangulia. Vipande 57 vingetawanyika, kimoja Hong Kong, kingine Paris, kingine New York, kila kimoja ndani ya boksi lake la hariri, kila kimoja kikisifiwa kwa lugha ya kimnada. Na yule kijana? Asingekuwepo tena. Mifupa yake ingetupwa pembeni ya shimo, maana mifupa haina soko.

Wapo wanaosema kukusanya ni tabia ya binadamu, ya tangu zamani. Kweli. Mwaka 1976, huko Anyang, lilifunguliwa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding wa enzi ya Shang, mwanamke aliyeongoza majeshi na kufariki karibu 1200 KK. Ndani mlikuwa na vitu 755 vya jedi. Baadhi yake vilikuwa vya kale hata kwake yeye, vya mtindo wa utamaduni wa Hongshan wa kaskazini-mashariki, vilivyomtangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Fu Hao alikuwa na jedi za kale kama sisi tunavyoziita za kale. Habari hiyo tamu tunaijuaje? Kwa sababu kaburi lake halikuwahi kuibiwa. Lingefikiwa na wezi, vipande vile vya Hongshan vingeuzwa kando na vile vya Shang, na hakuna mtu duniani ambaye angewahi kujua kwamba viliishi katika sanduku la mwanamke mmoja. Hata historia ya ukusanyaji wenyewe huokolewa na makaburi ambayo wakusanyaji hawajayafikia.

* * *

Mwaka jana rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye sasa hununua bidhaa Guangzhou na kuzipakia kwenye makontena ya kuja Dar es Salaam, alinitumia picha ya kidani. "Dada, cheki hii. Ya Han. Miaka elfu mbili. Jamaa ananipunguzia." Kilikuwa na umbo la nyenje, yule mdudu wa mitini anayelia mchana kutwa wakati wa joto. Kilikuwa cheupe chenye madoa ya kahawia, na muuzaji alikuwa amemweleza kupitia simu ya kutafsiri kwamba madoa yale ni ya kaburini, nayo ndiyo ushahidi.

Nilimwuliza kama anajua nyenje wa Han alikaa wapi. Hakujua. Mdudu huyu huishi chini ya ardhi, kisha hutoka, huvua ganda na kuruka. Kwa hiyo watu wa enzi ile walimchonga kwa jedi wakamweka juu ya ulimi wa maiti, wakitumaini kwamba aliyezikwa naye atatoka. Nilimweleza pia kwamba nyenje wa ulimini kwa kawaida hakutobolewa, maana maiti havai kamba; wa kuvaliwa ndiye mwenye tundu. Cha kwenye picha kilikuwa na tundu jipya, linang'aa. Alikaa kimya kwa muda, halafu akaandika: "Lakini si ni kizuri?"

Ni kizuri. Penye urembo ndipo penye urimbo. Nilimwandikia kwamba kama ni cha kweli hataweza kukitoa nchini kwa haki: tangu mwaka 2007 China imeuweka mwaka 1911 kuwa mpaka, na mabaki ya utamaduni ya kabla yake hayaruhusiwi kuvuka. Sheria ya 1982 nayo inasema mabaki yaliyo chini ya ardhi ni ya dola, hata yawe kwenye shamba la nani. Kama si cha kweli, anaweza kukipitisha uwanja wa ndege akiimba. Kwa maneno mengine, furaha yake yote ya kisheria ilitegemea atapeliwe.

Na yale madoa? Hapo ndipo pananichoma zaidi. Madini ya udongo huingia kwenye jiwe lililokaa kaburini, na wakusanyaji wa Kichina tangu zamani wamekuwa na jina la madoa hayo na bei ya kila rangi yake. Soko likalipia doa, na soko likilipia doa, doa litatengenezwa. Vitabu vya wakusanyaji vya enzi ya Qing vinasimulia namna: jiwe jipya huingizwa ndani ya mbwa aliyeuawa wakati damu bado ina moto, kisha mzoga huzikwa kwa miaka, au paja la kondoo aliye hai hupasuliwa, jiwe likatiwa ndani, ngozi ikashonwa. Bandia ya kwanza ina jina lake kabisa, jedi ya mbwa. Sikusimulii haya ili nikutishe. Nataka uone ni kitu gani kinachonunuliwa. Kama kingekuwa ni uzuri wa jiwe, hakuna mbwa ambaye angeuawa. Kinachonunuliwa ni ukaribu na maiti, na asiyeupata wa kweli huuziwa wa mbwa.

Usidhani wanaotapeliwa ni vijana wa kontena peke yao. Januari 2011, jijini Beijing, meza ya kujipambia ya jedi pamoja na kiti chake viliuzwa kwenye mnada kwa yuan milioni 220, vikitajwa kuwa vya enzi ya Han. Watu wa Han waliketi chini, kwenye mikeka. Viti vya namna ile havikuwa katika maisha yao. Baadaye mafundi wa Pizhou, Jiangsu, walijitokeza kusema kwamba vilitengenezwa kwao. Mwaka huohuo wa 2011 umma ulipata habari ya mfanyabiashara aliyekuwa na vazi la jedi la kuzikia, ambalo wataalamu watano mashuhuri walilitathmini kuwa na thamani ya yuan bilioni 2.4. Walilitazama likiwa ndani ya kabati la kioo, bila kulifungua. Lilikuwa bandia, na tathmini ile ilimsaidia kupata mikopo benki.

Weka kando ya hilo vazi la kweli. Mwaka 1968, huko Mancheng, mkoani Hebei, lilipatikana kaburi la Liu Sheng, mfalme mdogo aliyefariki mwaka 113 KK. Alikuwa amevikwa kuanzia utosini hadi nyayoni vipande 2,498 vya jedi, vilivyoshonwa kwa takriban gramu 1,100 za nyuzi za dhahabu. Tunaijua idadi kwa sababu kila kipande kilihesabiwa mahali pake. Waliamini jedi huzuia mwili kuoza. Ndani ya vazi mwili ulikuwa umeshakuwa vumbi. Jedi haikumhifadhi Liu Sheng. Aliyemhifadhi ni yule aliyeandika.

* * *

Wakusanyaji wana hoja, na si za kijinga.

Ya kwanza ni ya uokoaji. Bila sisi, wanasema, vitu hivi vingevunjwa. Wanataja vita, wanataja Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza 1966, vijana walipoingia majumbani kuharibu kila cha kale. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na hapa ndipo wanaposimama wale wachache niliosema wanasalimika. Familia iliyoficha kidani cha bibi chini ya sakafu mwaka 1966 inastahili heshima, na kidani hicho kina daftari: jina la bibi, nyumba, mwaka, hofu. Vivyo hivyo vitu vilivyoandikwa katika orodha za zamani, ambavyo safari yao inafuatika. Lakini usiniletee uokoaji wa 1860, pale majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipopora na kuteketeza majumba ya kifalme ya Yuanmingyuan. Aliyechoma nyumba hawezi kudai sifa ya kuokoa kabati. Wala usiniletee uokoaji wa leo, wakati linalolihatarisha kaburi ni bei unayoitoa wewe.

Ya pili inasema kitu kimeshatoka ardhini, nikikinunua au nisipokinunua. Kwa kipande kimoja ni kweli. Kwa biashara nzima ni uongo, maana anayechimba usiku hachimbi kwa ajili ya kipande kilichouzwa jana. Anachimba kwa sababu cha jana kilinunuliwa. Mwaka 1971 mkulima wa Mongolia ya Ndani alifukua joka la jedi lililojikunja kama herufi C, akalipeleka ofisi ya utamaduni, akalipwa yuan 30. Kwa zaidi ya miaka kumi joka lile lilikaa bila umri, hadi mwaka 1984 kaburi la Niuheliang, mkoani Liaoning, lilipoonyesha jedi za jamii hiyo zikiwa juu ya kifua cha marehemu, na dunia ikaelewa kwamba ni kazi ya watu wa Hongshan, yenye umri wa miaka elfu tano hivi. Kuanzia hapo kila mkusanyaji alitaka Hongshan yake. Mwaka 2015 polisi wa China walitangaza kuwakamata watu 175 waliohusishwa na uporaji wa makaburi katika eneo hilohilo la Niuheliang, na kurejesha vitu 1,168. Elimu ilipolitaja kaburi, soko lilileta sururu.

Ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Wanasema jedi haikuumbwa kukaa nyuma ya kioo. Wachina wenyewe wana desturi ya kuisugua kwa vidole mwaka baada ya mwaka, mpaka ing'ae kwa joto la mwili, na wanaamini kwamba mtu huilea jedi na jedi humlea mtu. Kioo huiua. Naikubali desturi hii kwa moyo wote, kwa jedi ya mama yako. Kwa jedi ya kaburini, kidole kinachoilea ndicho kinachofuta: alama ya kitambaa kilichooza juu yake, chembe za unga mwekundu ulionyunyizwa juu ya maiti, udongo uliojua mahali. Unaisugua mpaka inakuwa laini, na ulaini huo ni ukurasa uliokwanguliwa.

Wapo pia wanaojifariji kwa kisa cha kale cha Bian He, mtu wa dola ya Chu, aliyeokota jiwe ghafi mlimani na kumpelekea mfalme. Wataalamu wa mfalme wakasema ni jiwe tu, akakatwa mguu wa kushoto. Akampelekea mfalme aliyefuata, akakatwa wa kulia. Mfalme wa tatu akaamuru lipasuliwe, na ndani ikakutwa jedi isiyo na mfano. Kila mkusanyaji akitazama kioo humwona Bian He: mimi peke yangu nina jicho, wataalamu ni vipofu. Wanasahau kwamba Bian He aliweza kusema jiwe lake alilipata mlima gani. Wao, ukiwauliza, watakwambia "kutoka kwa familia moja ya zamani," au "lilipitia Hong Kong," au watacheka.

* * *

Utasema haya ni ya Wachina, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa njia iliyo wazi. Pwani yetu ina makaburi yenye nguzo ambayo wazee wetu waliyapamba kwa sahani na bakuli za Kichina zilizotiwa kwenye chokaa. Nenda Kunduchi ukayaone. Utaona pia matundu ya mviringo pale sahani zilipobanduliwa. James Kirkman alipochimba Gedi kuanzia 1948, vigae vya kauri ya Kichina vilivyokuwa katika matabaka yake vilimsaidia kujua lipi lilitangulia na lipi lilifuata katika mji ule. Kigae kilichokaa mahali pake kiliusaidia mji kueleza historia yake. Sahani iliyobanduliwa Kunduchi, popote ilipo leo, ni sahani ya zamani tu, na mwenye nayo hawezi kujua kwamba ilimlinda Mswahili. Kwa hiyo tunapozungumzia tundu lililobaki, sisi si wageni. Na leo, kwa safari za Guangzhou na kwa simu zilizo mikononi mwetu, sisi pia tumeanza kuwa wanunuzi.

Simwambii mtu aache kuipenda jedi. Wachongaji wapo hai. Suzhou ina karakana za watu waliorithi ufundi huo, wanaochukua jiwe jipya na kulipa sura kwa jina lao na tarehe yao. Nunua kwao. Vaa, sugua, lea, umrithishe binti yako pamoja na risiti, na baada ya miaka mia mbili kitakuwa kitu cha kale kisichomdai mtu. Jedi za Liangzhu nenda kazione kwenye makumbusho zilizochimbiwa, huko Hangzhou, pamoja na ramani ya kaburi ukutani. Na wenye makusanyo makubwa, ya watu binafsi na ya mataifa, tuwadai wafungue madaftari yao: lini, kutoka kwa nani, kwa njia gani. Pasipokuwa na jibu, waandike hivyo wazi kwenye kibandiko, badala ya kuandika jina la enzi kwa kujiamini kana kwamba kaburi walilifungua wao.

Na siku muuzaji atakapokunja kitambaa mbele yako na kukuonyesha kipande cheupe chenye madoa, akikuapia ni cha Han, usimwulize bei. Mwulize kilikuwa wapi kwenye mwili. Mwulize kichwa cha marehemu kilielekea upande gani, na kando yake palikuwa na chungu cha namna gani. Kama ni mwongo, hatajua. Kama ni mkweli na bado hajui, basi aliyekuwa akijua amezibwa mdomo kwa mara ya pili, na wewe hujaombwa kumnunua. Umeombwa uondoke.